Korongo wa Bonde la Nkalanzi

Methali isemayo "Njia ya mwongo ni fupi" haina maana kwamba mwongo hafiki. Hufika, tena mara nyingi huwatangulia wasema kweli, akapewa kiti na maji ya kunywa. Maana yake ni kwamba njia yake hukatika mapema, mahali asipopatazamia, na mara nyingi hukatikia mlangoni pake mwenyewe. Efraimu wa Chitete aliijua methali hii tangu shule ya misheni. Aliwahi kuiandika ubaoni kwa chaki, mwalimu akamsifu kwa mwandiko mzuri. Mwandiko ulimkaa, maneno yenyewe yalifutwa pamoja na chaki.

Ilikuwa miaka michache baada ya vita ya pili ya Wazungu. Efraimu alikuwa askari wa wanyama. Alivaa kaptura ya kaki iliyopigwa pasi, mkanda wa ngozi na kofia yenye ukingo mpana, na begani alining'iniza bunduki. Kila mwezi ilimpasa kuteremka hadi mbuga za chini, karibu na ziwa Rukwa, akawatazame wanyama, awahesabu, kisha apeleke habari Itaka kwa karani Raphaeli. Raphaeli aliziandika na kuzituma kwa mkuu wao, Mwingereza mmoja mrefu ambaye watu wote walimwita Bwana Nyama. Kwenda na kurudi kulichukua siku nane kwa miguu. Njiani mlikuwa na ndorobo, wale mbung'o wenye kuuma hata juu ya nguo, maji ya chumvi, na simba wasiojua heshima ya kaki.

Hesabu yenyewe haikuandikwa kwa kalamu huko porini. Ilifungwa mafundo. Desturi hiyo ilianzishwa na mzee Anania, askari aliyemtangulia Efraimu, mtu asiyejua kusoma hata jina lake. Anania alisokota kamba za gome la miyombo, moja kwa kila aina ya mnyama: tembo, twiga, sheshe, yaani swala wa kando ya maji, na korongo, wale swala wakubwa wenye masikio marefu na uso wa rangi mbili. Alipomwona mnyama alingoja aondoke, kisha akaenda hadi pale pale aliposimama, akachota udongo wa mahali hapo, akaupaka kwenye kamba na kufunga fundo. Mnyama asiyefikiwa nyayo zake hakufungiwa fundo, hata kama askari alimwona vizuri kwa mbali. Bwana Nyama aliipenda desturi hiyo kuliko karatasi. Alisema kalamu huweza kuandika mahali popote, lakini fundo la Anania lilikuwa lazima liende porini.

"Ukilifunga nyumbani," Anania alimwambia Efraimu siku alipomkabidhi kamba, "umejifunga mwenyewe."

Efraimu aliitikia kwa adabu, "Ndiyo, baba," na mwaka wa kwanza alikwenda kila mwezi bila kukosa. Tusimwonee. Alikuwa na miguu mizuri na jicho kali, na mafundo yake yalirudi meusi kwa tope la mbuga, kama ya Anania.

Mwezi wa kwanza alioukosa ulikuwa na sababu ambayo hata wewe ungeisamehe. Mkewe, Nesta, alikuwa karibu kujifungua mtoto wao wa kwanza, na uchungu ulimshika siku mbili bila mtoto kutoka. Efraimu hakuweza kuondoka. Mtoto alipozaliwa salama, ilikuwa imebaki siku moja tu kabla ya siku ya kwenda Itaka. Basi alikaa nyuma ya nyumba, akachukua kamba, akachota udongo wa uani, akafunga mafundo yapatayo idadi ya mwezi uliopita. Akaongeza korongo watano, kwa kuwa alikuwa na furaha ya mtoto.

Karani Raphaeli alizipokea kamba, akazipitisha mkononi. Alikuwa mtu mpole wa Ibaba, mwenye miwani, ambaye kwa miaka sita alikuwa amezishika kamba za Anania.

"Bwana Efraimu," alisema, "mbona mwezi huu kamba nyekundu? Mbuga ya chini udongo wake ni mweusi."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema kweli. Raphaeli angecheka, angempa mkono wa heri kwa ajili ya mtoto, na mambo yangeishia hapo. Lakini uongo ukishatoka hauendi peke yake. Huita ndugu zake.

"Wanyama wamepanda juu," Efraimu alijibu. "Huko chini nyasi zimeungua. Sasa wako bonde la Nkalanzi."

"Nkalanzi? Hapo karibu na kwenu?"

"Hapo hapo, bwana karani. Hata mimi nimeshangaa."

Raphaeli akaandika. Bonde la Nkalanzi lilikuwa bonde zuri la udongo mwekundu, lenye kijito kisichokauka, na nyumba kumi na moja. Mojawapo ilikuwa ya Enesi, mama yake Efraimu, mjane aliyelima ulezi huko pamoja na mwanawe mdogo, Danieli. Baba yake Efraimu alizikwa juu kidogo ya kijito. Mnyama mkubwa kuliko wote aliyeonekana Nkalanzi tangu watu wapakumbuke alikuwa nsya, paa mdogo wa vichakani, na huyo hula majani ya maharage usiku na kukimbia akisikia mtu akikohoa.

Mwezi uliofuata zilikuja sifa. Bwana Nyama alimwandikia Efraimu barua kwa mkono wake mwenyewe, akamshukuru kwa jicho lake. Nesta alisomewa barua hiyo mara tatu. Sasa, mtu aliyesifiwa kwa wanyama wa Nkalanzi atawezaje kurudi mwezi wa pili bila wanyama wa Nkalanzi? Isitoshe, Nkalanzi ilikuwa mwendo wa saa moja tu, mtoto alikuwa akianza kucheka, na ndorobo hawakuwepo. Efraimu akafunga mafundo mengine. Alikaa jikoni jioni, kikombe cha pombe ya ulezi miguuni, akafunga tembo saba, sheshe kumi na wawili, korongo ishirini. Nesta aliyaona hayo kwa macho yake.

"Baba Tupokigwe," alimwita kwa jina la mtoto, "hao korongo umewaona lini?"

"Koroga uji wako," alijibu.

Nesta akakoroga uji wake. Hakuuliza tena, lakini toka siku ile barua ya Bwana Nyama hakuitaka isomwe.

Miezi tisa ilipita hivyo. Korongo wa Nkalanzi walizaana kuliko mbuzi; mwezi wa tisa walifika arobaini na mmoja. Ndipo Efraimu alipoitwa Itaka, akamkuta Bwana Nyama mwenyewe ameinamia ramani kubwa juu ya meza, na kalamu nyekundu mkononi. Uso wake ulikuwa na furaha.

"Efraimu, kazi nzuri sana," alisema kwa Kiswahili chake kilichonyooka kama rula. "Mahali pale ni pazuri. Maji yapo, ndorobo hakuna, barabara ya Tunduma si mbali. Nitapafanya hifadhi. Wageni watakuja kutazama wanyama wako."

Akapiga mstari. Mstari ulizunguka kijito, ukazunguka mashamba, ukazunguka kaburi la baba yake Efraimu.

"Na watu, Bwana?" Efraimu aliuliza.

"Nyumba kumi na moja tu. Watahama kabla ya mvua. Kwanza nitakuja kupaona pamoja na mkubwa wangu, wiki ijayo."

Njia yote ya kurudi Chitete Efraimu hakuona jiwe wala mti. Akisema kweli, kazi imekwenda, pamoja na kofia, mkanda na heshima. Akinyamaza, mama yake anang'olewa katika shamba alilolilima tangu ujana wake. Alipopitia Nkalanzi habari ilikuwa imeshamtangulia, maana tarishi wa jumbe ana miguu kuliko askari. Mama yake alikuwa shambani, jembe mkononi. Aliendelea kulima.

"Efraimu," alisema, "hao wanyama hulala wapi wakati mimi nalima?"

"Mayo," alimwita mama yake kwa lugha ya kwao, "mimi ni mtu wa Serikali tu."

"Najua. Ndiyo maana nakuuliza wewe. Nenda ukamwambie Mzungu kwamba hapa kuna ngedere, nsya, na mimi. Atakusikia. Si anasema una jicho?"

Efraimu alisema ataona la kufanya. Na kweli aliona, au alidhani ameona. Wanyama wana miguu, aliwaza. Bwana Nyama atakuja, ataketi kilimani, hataona kitu, atasema wamehama, atafuta mstari wake na kurudi Mbeya. Hapatakuwa na haja ya mtu kujifedhehesha. Kwa wazo hilo alipata usingizi kwa mara ya kwanza katika wiki ile, akalala kama gogo.

Wakaja. Bwana Nyama, mkubwa wake mwenye darubini shingoni, karani Raphaeli, mpishi, wachukuzi sita, na mzee Anania, aliyeombwa atoke kwenye mapumziko yake ili awafuatie nyayo. Waliketi juu ya kilima tangu alfajiri. Ukungu ulipanda kutoka kijitoni, ukatawanyika, na bonde lote likaonekana wazi: ulezi, moshi wa nyumba kumi na moja, kuku, na mwanamke mmoja akipalilia. Saa mbili, ngedere walivuka. Saa nne, nsya mmoja alitokeza pua, akaona watu wote wale, akarudi. Mkubwa alifuta vioo vya darubini yake, akatazama tena, akafuta tena. Ikafika saa sita. Anania alikuwa ametembea bonde zima, akarudi polepole na fimbo yake, akaketi mbali kidogo na wengine.

"Umeona nini?" Bwana Nyama alimwuliza.

"Nimeona bonde, Bwana."

Efraimu alivuta pumzi. Alikuwa tayari kusema lile la wanyama kuwa na miguu. Lakini Bwana Nyama alikuwa ameiva uso kwa aibu mbele ya mkubwa wake, na mtu mwenye aibu hutafuta wa kumtwika. Aliligeukia bonde, akazitazama nyumba.

"Korongo arobaini na mmoja," alisema. "Tembo kumi na sita. Watu hawa wamesikia kwamba watahamishwa. Wamewaua wote."

Mambo yakaenda mbio kuanzia hapo. Waliteremka wakapekua nyumba. Katika nyumba ya Enesi, juu ya dari ya jikoni, walikuta ngozi ya korongo, kuukuu, ngumu kama ubao. Ilikuwa ngozi aliyotoka nayo marehemu mumewe mbuga za chini kabla ya vita ya kwanza. Juu yake ndipo walipozaliwa Efraimu na Danieli. Mpagazi aliitupa uani. Danieli aliulizwa, akasema ni ya baba. Akaulizwa baba yuko wapi, akaonyesha kaburi. Walimfunga mikono kwa kamba.

Enesi hakulia. Alitoka mlangoni, akawapita Wazungu wawili, akasimama mbele ya mwanawe mkubwa katika kaki yake iliyopigwa pasi. Alimtazama tu, na Efraimu akayatazama mabuti yake.

Ndipo Anania alipojikohoza.

"Bwana," alisema, "nyama ya mnyama huliwa na watu. Mavi yake hayaliwi na mtu. Tembo kumi na sita, miezi tisa: mavi yako wapi? Mti waliouvunja uko wapi? Nimetembea bonde lote, sijaona hata gome lililosuguliwa." Kisha akamgeukia Efraimu, na sauti yake ikawa ya upole. "Mwanangu, fundo hufungwa aliposimama mnyama. Mafundo ni mengi. Mwonyeshe Bwana mahali pamoja tu."

Efraimu alilitazama bonde alilozaliwa. Alilijua jiwe kwa jiwe, na katika bonde zima hapakuwa na mahali pamoja. Machozi yalimtoka mbele ya watu, naye ni mtu mzima, askari.

"Hakuna, Bwana," alisema. "Sikuwaona. Nilifunga nyumbani. Mfungueni mdogo wangu."

Ungedhani mambo yameisha. Lakini mtu akikudanganya vizuri kwa miezi tisa, kweli yake ya siku moja huonekana kama mzaha. Bwana Nyama alitikisa kichwa.

"Unawaficha ndugu zako," alisema. "Miezi tisa, kila kamba sawasawa. Mtu hawezi kubuni kazi nzuri namna hiyo."

"Niliweza, Bwana! Niliweza!" Efraimu alilia, na huenda hakuna mtu aliyewahi kuugombania uongo wake kwa uchungu namna ile, akiomba uaminiwe kuwa ni uongo. Alipiga magoti kwenye udongo ule mwekundu. Danieli alikuwa ameanza kusukumwa kuelekea njiani.

Karani Raphaeli alivua miwani, akaivaa tena. "Bwana," alisema kwa sauti ndogo, "kamba ninazo hapa kwenye sanduku, mpya na za zamani. Mzee Anania anajua kuzisoma."

Zikaletwa. Anania alichukua kwanza kamba yake mwenyewe ya zamani, akaikuna kwa ukucha. Ikamwaga vumbi jeusi, na jingine jeupe lenye chumvi, na jingine la kijivu, fundo na rangi yake. Kisha akachukua ya korongo arobaini na mmoja. Akaikuna: nyekundu. Fundo la pili: jekundu. Yote mekundu toka mwanzo hadi mwisho, udongo mmoja wa mahali pamoja. Akainusa. Akaigusa kwa ulimi, akatema.

"Majivu," alisema. "Hii ina moshi wa jikoni. Na hapa katikati ya fundo la ishirini," akachomoa kitu kidogo kwa ncha ya kidole, akamwekea Bwana Nyama kiganjani, "pana pumba ya ulezi. Korongo hanywi pombe, Bwana."

Mpishi alicheka, akaziba mdomo. Mkubwa wa Bwana Nyama aliiweka darubini yake mfukoni. Danieli akafunguliwa, na kamba aliyofungiwa ikabaki chini, hakuna aliyeiokota.

Efraimu alivuliwa kofia na mkanda pale pale, akanyang'anywa bunduki, akapelekwa Mbeya, akafungwa miezi sita kwa kuidanganya Serikali. Mstari mwekundu ulifutwa kwenye ramani, ingawa mwekundu haufutiki vizuri. Raphaeli alisema doa lilibaki. Nyumba kumi na moja za Nkalanzi zilibaki mahali pake, na ulezi ulivunwa mwaka ule bila mwanamume mmoja.

Alirudi mwanzoni mwa mvua, amekonda, miguu mitupu. Hakuna aliyemtukana. Nesta alimpikia, mtoto akamkimbia kama mgeni, kisha akamzoea. Mama yake alimpa jembe na kumwonyesha upande wa chini wa shamba, kando ya kijito. Ile ngozi kuukuu ilikuwa imerudishwa darini. Kosa lake halikutajwa nyumbani, na kutotajwa huko kulimuuma kuliko jela.

Asubuhi moja, katika mwezi wa pili wa mvua, Efraimu alikuwa akipalilia peke yake kando ya kijito. Ukungu ulikuwa mzito. Alisikia majani yakikatwa na meno, akadhani ni mbuzi wa jirani, akainuka amfukuze. Ukungu ukasogea kidogo. Mbele yake, hatua thelathini tu, walisimama korongo. Walikuwa wakubwa, wamelowa, masikio marefu yakicheza, nyuso nyeusi zenye nyeupe kama alivyowaona mbuga za chini katika mwaka wake wa kwanza. Mafuriko ya Rukwa, au nini, yalikuwa yamewapandisha juu. Mkono wake ulishuka wenyewe mfukoni kutafuta kamba, ukakuta mfuko mtupu. Akahesabu kwa midomo. Walikuwa kumi na wanne. Dume lao liliinua kichwa, likamtazama bila hofu, na Efraimu akajisikia moyo umejaa hata akakosa pumzi.

"Mayo!" aliita, kwa sauti ya chini asije akawashtua. Mama yake alikuwa matuta machache tu juu yake, ukungu ukiwa katikati. "Mayo, njoo upesi! Njoo uone! Korongo!"

Jembe la Enesi halikusimama. Lilipanda likashuka, likapanda likashuka, na sauti yake ikatoka ukunguni, haina hasira, wala haina haraka.

"Wangapi mara hii, Efraimu?"

Angeweza kumkimbilia na kumshika mkono, lakini hatua zake zingewakimbiza, na kama angebaki hapo asingeaminiwa. Akabaki. Dume lilikoroma mara moja, na wote kumi na wanne wakageuka, wakavuka kijito bila kelele, wakaingia katika ukungu walikotoka. Mvua kubwa ikaanza kunyesha, ikazifuta nyayo moja baada ya nyingine huku akizitazama. Kutoka pale alipokuwa amesimama hadi kwa mama yake hapakuzidi hatua ishirini, na neno lake la kweli halikuweza kuzivuka. Hakika, njia ya mwongo ni fupi.